Kamba ya Mtani

Viganja vyake vilikuwa vizima.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata sijajua kwamba kuna jambo la kutafuta. Ilikuwa siku ya mazishi ya kaka yangu Gregori, nyumbani kwetu Tandale, na mie nilikuwa nanawisha watu kabla ya chakula. Mkono mmoja birika, mkono mwingine beseni, macho chini. Nikiwa mbele ya watu huwa siangalii sura. Naangalia mikono.

Mikono ya Albano, mchimba visima mwenzake kaka, ikaja chini ya maji yangu.

Alikuwa ametoka kuwasimulia waombolezaji jinsi kamba ilivyokatika wakati anampandisha kaka yangu kutoka kisimani kule Kibamba. Alisema aliing'ang'ania mpaka ikamchuna nyama za mikono. Wanaume walitikisa vichwa. Wanawake walimwonea huruma.

Nikamimina maji. Nyama zote zilikuwepo. Hata mkwaruzo hakuwa nao.

Nimeanzia msibani makusudi, msomaji wangu, maana wiki iliyopita nilikuacha mahali pabaya. Tulikuwa mahakama ya mwanzo. Mie nimesimama kizimbani, nimeshtakiwa kwa wizi wa kamba. Na Albano, mlalamikaji mwenyewe, amenyanyuka ghafla, amevua kofia, na ametoa maneno mabaya kuliko kifungo.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kufuta kesi. Huyu ni mtani wangu. Nimemsamehe."

Amenisamehe!

Watu kwenye mabenchi walipiga makofi. Mama yangu, Mama Margareta, aliinua mikono juu akamshukuru Bikira Maria. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi.

Kwa nini? Kama leo ndiyo siku yako ya kwanza kulishika gazeti hili, nisikilize haraka haraka, kabla hakimu hajanyanyua kalamu.

Sie ni Wangoni. Albano ni Mhehe. Wangoni na Wahehe ni watani; mababu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukabaki kutukanana na kucheka. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya kituko chochote, na kumkasirikia ni aibu. Basi siku ile Albano alilala chali mbele ya jeneza la kaka yangu, akapiga kelele:

"Huyu Mngoni nimemuua mie! Alizidi ubishi! Na mkewe nambeba leo leo, nani ananizuia?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimbembeleza anyanyuke jeneza lipite.

Alisema mambo mawili. Kabla arobaini haijafika, la pili lilikuwa limetimia: Sekela, mjane wa kaka yangu, alikuwa anaanika kanga zake uani kwa Albano, kule Temeke. Nikajiuliza peke yangu jikoni. Kama la pili halikuwa utani, la kwanza lilikuwa utani kwa sababu gani?

Polisi walikuwa wameshaoneshwa kamba ya katani iliyokatika. Ajali kazini, wakasema, poleni. Nami ningewaambia nini? Kwamba mtu ana viganja vizuri?

Nikasubiri.

Siku ya arobaini Albano alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kazini, na kiroba chake begani. Akakiweka mlangoni, pale penye viatu vya wageni, akaingia ndani kula. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na kamba ya manila, ya bluu, nene, nzima kabisa. Wachimba visima hupima kina kwa kamba. Wakishuka kiasi fulani wanafunga kitambaa kuweka alama. Kamba ile ilikuwa na vitambaa vyekundu. Lakini kitambaa cha mwisho hakikuwa chekundu. Kilikuwa pindo la kikoi, la kijani.

Nilikaa chini palepale, juu ya viatu vya watu.

Kwa sababu asubuhi ya siku aliyokufa, Gregori alinipigia simu. "Flaviana, mdogo wangu, maji yametoka! Mzee Masoud kafurahi, kachana pindo la kikoi chake, kasema tulifunge kwenye kamba. Eti hapa ndipo Mungu alipotufungulia." Alasiri tukaletewa habari kwamba kamba imekatika na kaka yangu amekufa.

Kamba ya siku ile ndiyo hii. Na haikukatika popote.

Ila nani angeniamini? Simu ile niliisikia peke yangu, na aliyepiga yuko kaburini. Nilihitaji Albano aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa kiapo, mbele za watu, kwamba kamba ile ndiyo aliyokuwa anaitumia na kwamba kikoi kilifungwa siku maji yalipotoka. Ningemfanyaje aseme? Nikamfanyia utani. Nikaikalia kamba yake, nikamwambia simpi. Watu walicheka. Alibembeleza, akacheka, akanuna, akatukana, na mwisho akafanya kitu ambacho mtani hafanyi: akaenda kunishtaki.

Nilikuwa nimemwombea aende. Ukinifunga, nifunge, lakini kwanza uthibitishe kamba ni yako.

Na leo, kabla hajaithibitisha, ananisamehe!

Niligeuka nyuma. Benchi la mwisho kabisa, Sekela alikuwa amekaa amejitanda kanga mpaka puani. Asubuhi ile niliwaona nje, chini ya ukuta, anamnong'oneza Albano huku anampigapiga kifuani kwa kidole. Msamaha ule haukutoka kwa Albano. Ulitoka kwenye kanga ile.

"Mshtakiwa," alisema Hakimu Eliaichi, mama wa miwani asiyependa kelele. "Mlalamikaji anataka yaishe. Unasemaje?"

Pembeni yake walikaa washauri wawili wa mahakama. Mmoja, Bi Mwanaasha, alinionea huruma. "Shukuru, mwanangu," akasema. "Shukuru uende nyumbani ukapike."

Mie mtu ambaye hata dukani nanyoosha kidole kuonesha ninachotaka.

"Nashukuru," nikasema. "Basi... basi kamba ibaki kwangu."

"Sema kwa sauti," alisema hakimu.

"Kamba ibaki kwangu! Ni ya kaka yangu. Kama amefuta kesi, maana yake amekubali si yake. Na mie nimemsamehe."

Mahakama ilipasuka kicheko. Albano alirudisha kofia kichwani kwa hasira, akaivua tena alipokumbuka yuko wapi.

"Wee binti! Nimekusamehe wizi, sijakupa kamba! Nina kisima naanza keshokutwa!"

"Ndivyo mlivyo," nikamwambia. "Hata babu zenu. Asubuhi wanaanzisha vita, mchana wanaomba yaishe, jioni wanadai mikuki yao."

"Ahaa! Na babu zenu je? Walikuja na ngao mbele, wakarudi wamezibeba kichwani kama nyungo!"

"Afadhali waliozijua ngao zao. Wewe hata kamba yako huijui."

"Mie? Mie siijui kamba yangu?"

"Huijui. Wakizimwaga tano hapo chini utaokota ya kufungia mbuzi. Wewe kazi yako ilikuwa kuvuta tu. Mwenye akili alikuwa chini."

Pale nilimgusa. Nilikiona kishipa cha shingo kikisimama. Miaka yote, kila kisima, watu walimsifu Gregori kwa kuisoma ardhi, na Albano wakamwita "yule wa juu." Hata wenye nyumba walikuwa hawamjui jina.

"Utani uishie hapo!" hakimu aligonga meza. "Mlalamikaji, kama kuna mgogoro wa nani mwenye kamba, siwezi kukurudishia tu kwa sababu umeomba. Ama ufute kesi, kamba ibaki hapa mpaka mwenye nayo ajulikane, ama uendelee uthibitishe. Chagua."

Kikohozi kilisikika benchi la nyuma. "Albano," Sekela aliita kwa sauti ya chini. "Albano, achana nayo. Kamba tutanunua nyingine."

Albano hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Darasa la tano limekushinda," akaniambia, "leo unifundishe mie kamba? Mheshimiwa, naendelea!"

Nikainamisha kichwa ili asione uso wangu.

Akaapishwa. Alishika Biblia kwa mkono ule ule niliounawisha, akasema atasema kweli tupu.

Kiroba kililetwa kikawekwa mezani, mdomo wake umefungwa na lakiri ya polisi. Albano akanyoosha mkono kukifungua.

"Toa mkono!" hakimu alisema. "Hakifunguliwi mpaka utueleze kilichomo. Mwenye mali anaijua mali yake bila kuiona."

"Hilo dogo, Mheshimiwa. Ni manila ya bluu."

"Manila za bluu zimejaa kila duka la vifaa vya ujenzi."

"Ncha moja imechomwa moto isifumuke."

"Kila mtu anachoma."

"Ina vitambaa vyekundu vya kupimia kina."

Mshauri wa pili, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akacheka. "Hata waliochimba kwangu walifunga vyekundu. Tuambie alama ya kwako peke yako, kijana."

Albano akajikuna kidevu. Mie nilikuwa naviangalia vidole vyangu vya miguu na kuomba. Eeh Mungu, mkumbushe. Mkumbushe sasa hivi.

Kule nyuma kanga ilichakarika. Sekela alikuwa amesimama.

"Ipo!" Albano alipiga meza kofi. "Ipo alama, na hakuna kamba nyingine mji huu mzima yenye alama hiyo! Kitambaa cha mwisho ni pindo la kikoi, la kijani. Kikoi cha Mzee Masoud, mwenye kisima cha Kibamba. Alikichana mwenyewe akanipa nifunge. Na yuko hapo nje, nimemleta awe shahidi wangu!"

Karani alivunja lakiri. Kamba ikatolewa. Karani alishika ncha moja, askari wa mahakama akashika nyingine, wakaanza kuikunjua. Ilipita mbele ya meza ya hakimu, ikapita kati ya mabenchi, askari akatoka nayo mlangoni, na bado ilikuwa inakuja. Bluu, nene, nzima. Kwenye vitambaa vyekundu watu walikuwa wanahesabu kwa kunong'ona kama watoto. Halafu likaja pindo la kijani.

"Ameshinda," mtu mmoja akasema. "Kamba ni yake."

Mama Margareta akaanza kulia. Alijua sasa mwanae anakwenda jela.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "alama imeonekana. Una maswali kwa mlalamikaji kabla sijaendelea?"

"Ninayo."

"Uliza."

Nilimgeukia Albano. "Mtani, una kamba ngapi?"

"Swali gani hilo? Moja."

"Ya kushushia mtu na ya kupandishia udongo?"

"Hiyo hiyo. Sie tulikuwaga tunaitumia hiyo hiyo kwa kila kitu. Na Mheshimiwa, naomba iandikwe: nataka fidia! Toka huyu mwizi ameikalia sijashuka kisimani, sijapandisha hata ndoo moja. Nakaa nyumbani kama bibi arusi!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Ungeweza kutumia nyingine ukaendelea na kazi," akasema. "Fidia ya nini?"

"Nyingine ipi, Mheshimiwa? Sina nyingine! Toka nianze kisima cha Mzee Masoud mpaka huyu anaiiba, kamba yangu ni hiyo moja tu. Naapa."

"Umeshaapa," alisema hakimu. "Karani, andika."

Karani akaandika. Nilikuwa nimebakiza swali moja, msomaji wangu. Swali moja tu: kikoi kilifungwa siku gani. Nikafungua mdomo.

Haikutoka sauti.

Nilijaribu tena. Watu wote walikuwa wananitazama, na nilipoinua macho nikamwona Albano ananicheka, kicheko kile kile alichocheka mbele ya jeneza.

"Huna swali jingine?" hakimu aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Sijui kwa nini nilikitikisa. Ulikuwa mwili tu, haukunisikiliza.

"Haya. Mlalamikaji, kaa chini. Shahidi aitwe."

Albano alikwenda kukaa akijipangusa jasho, akanikonyeza alipopita. Nilikuwa nimekiachia kitu nilichokivizia tangu msiba. Nilitaka ardhi inimeze.

Mzee Masoud akaingia. Ni Mwarabu wa siku nyingi pale sokoni Tandale, duka lake la nafaka tunalijua tangu utoto. Alivaa kanzu safi, akashika Msahafu, akaapa. Alipoiona kamba imetandazwa chumbani kama nyoka alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Kile kisima cha Kibamba hajawahi kuyanywa maji yake. Watu walisema hata hatua ya kukikaribia haendi.

"Mzee, unaitambua kamba hii?"

"Naitambua. Ya vijana hawa. Ya huyu Albano na marehemu."

"Kwa alama gani?"

Akainama, akalishika pindo la kijani kwa vidole viwili. "Kikoi changu hiki. Nilikuwa nimekivaa."

"Basi," Albano alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Biashara imekwisha."

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Nilimtazama yule mzee. Nilipokuwa mtoto, mama akinituma kwake dukani, nilikuwa nasimama mlangoni mpaka aniulize mwenyewe ninataka nini, na alikuwa ananiuliza taratibu. Sauti ikanirudia kidogo.

"Shikamoo, babu."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hata askari. Mtu anaamkia shahidi!

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mzee Masoud, na yeye hakucheka. "Unataka nini? Sema taratibu."

"Kikoi... ulikichana siku gani?"

"Siku maji yalipotoka."

"Siku gani hiyo, babu?"

"Siku ile ile ya msiba, mwanangu. Asubuhi nilipita kuwaona kabla ya kwenda dukani. Gregori akapiga kelele kutoka chini, mzee, maji! Wallahi nilicheka kama mtoto. Nikachana kikoi, nikamkabidhi Albano, akafunga mbele ya macho yangu. Nikaenda zangu dukani. Alasiri napigiwa simu, nakuta Gregori amelazwa chini kando ya kisima, na huyu Albano ananionesha katani mbovu, ananiambia kamba..."

Mzee Masoud aliinua pindo la kijani karibu na macho.

Aliitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Akaifuata kwa macho, taratibu, kutoka kwenye pindo la kijani mpaka kwa karani, kutoka kwa karani mpaka mlangoni. Nzima. Kicheko kilikuwa kimekatika chumba kizima. Nilisikia mama yangu akivuta pumzi.

"Kijana," alisema Mzee Masoud, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii ndiyo kamba ya siku ile. Sasa iliyokatika ni ipi?"

Albano akaruka kama aliyekalia siafu.

"Zilikuwa mbili! Mheshimiwa, zilikuwa mbili! Hii ya ndoo, ile ya katani ndiyo ya mtu!"

"Karani," alisema hakimu. "Soma alichosema."

Karani akasoma. Hiyo hiyo kwa kila kitu. Sina nyingine. Toka nianze kisima cha Mzee Masoud mpaka huyu anaiiba, kamba yangu ni hiyo moja tu. Naapa.

"Nilikuwa na hasira! Alinitukania babu zangu!"

"Nawe ulitaka fidia," alisema Bi Mwanaasha. Huruma ilikuwa imekwisha usoni kwake, na safari hii hakuwa ananitazama mie. "Kaka wa watu alishuka kwa kamba nzima, akapandishwa maiti, wewe ukaokota katani jalalani ukawaonesha polisi. Kwa nini, kijana? Mtu mkweli anabadilisha kamba kwa nini?"

"Sikuikata! Mnaniangalia nini? Sikumgusa!" Sasa alikuwa analia. Machozi ya kweli, ya kujionea huruma. "Sikumfanya kitu. Niliipandisha tu. Niliipandisha kamba juu nikakaa. Hewa ya mle siku ile ilikuwa nzito, maji yanapanda, nilijua haitachukua... Aliita. Niliwaza nitaishusha. Niliwaza akiita tena nitaishusha."

"Akaita tena?" nikamuuliza.

Akajifuta machozi kwa kofia.

"Mtani, akaita tena?"

"Aliita jina langu," alisema Albano. "Siku zote ananiita Mhehe. Siku ile aliniita kwa jina."

Mama Margareta aliporomoka kwenye benchi kama nguo iliyodondoka kwenye msumari. Wanawake wakamdaka. Makelele yakajaa chumba, hakimu akawa anagonga meza haisikiki, askari akatupa ncha ya kamba akamkamata Albano mkono. Na Albano, badala ya kumtazama askari, alinyoosha shingo juu ya vichwa vya watu mpaka benchi la nyuma.

"Unaenda wapi?" akapiga kelele. "Sekela! Unaenda wapi na wewe? Waambie! Waambie nani alinipigia simu niko mdomoni mwa kisima! Nani alisema, mwache hukohuko, ukimtoa leo hunipati tena!"

Sekela alikuwa ameshafika mlangoni. Amekanyaga ile kamba, kandambili moja imemtoka, kanga imemvuka kichwani. Mzee Masoud alikuwa amesimama kwenye njia yake, na mzee yule mpole alikuwa ametanua mikono miwili kushika fremu za mlango.

"Mwongo!" Sekela alisema. "Huyo mwongo! Mie mjane!"

"Hakuna anayetoka," alisema hakimu, na watu wakanyamaza. Alivua miwani. "Mahakama hii haina uwezo wa kusikiliza kesi ya kuua. Nitaandika yote yaliyosemwa hapa, na watakuja wenye uwezo wawachukue hawa wawili, wote, leo hii. Askari, waketishe mbalimbali."

Kisha akanigeukia. Sauti yake ilishuka, ikawa kama ya shangazi.

"Na wewe, Flaviana. Kamba si ya mlalamikaji wala si yako tena. Sasa ni kielelezo cha kesi nyingine. Shtaka lako la wizi nitaliandikia uamuzi. Kabla sijaandika, una neno la kuiambia mahakama?"

"Sema asante, mwanangu," alisema mama kutoka sakafuni. "Sema asante tu."

Sekela alikuwa ameketishwa mbele yangu kabisa. Alikuwa ananitazama. Huyu nilimsuka nywele siku ya harusi yake. Huyu nilimshika kiuno siku ya mazishi asidondoke kaburini. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, maana wote wanajua Flaviana ni mtu wa haya, Flaviana hajui kujibu, Flaviana akikanyagwa anaomba radhi yeye.

Kuna kitu nilikuwa nalala nacho na kuamka nacho tangu siku ya birika na beseni. Sikumwambia mama. Padri aliniuliza kwenye kitubio kama nina jingine, nikamwambia sina.

Niliinama nikaokota ncha ya kamba. Askari alitaka kunizuia, hakimu akamwashiria aniache.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti ilitoka nzima, bila kutetemeka, mpaka nikaishangaa, "kile kisima cha Kibamba hakijafukiwa. Mie sitaki wafungwe. Jela watu wanakula, wanaliona jua, wanaitwa majina yao. Nataka washushwe mle kwa kamba hii, na kamba nishike mie. Waanze kuita. Wote wawili waniite mie, Flaviana, Flaviana, mpaka koo likauke, nami nimekaa pale juu nasikiliza. Kinatosha watu wawili. Nilikwenda nikakipima."